Ingia Dakika ya Tatu

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Najua sivyo mlivyofundishwa. Hata sisi darasani tuliimba kwamba mgeni akija, mwenyeji hupona. Lakini mgeni wangu alinikuta mzima, nina pumzi za kupuliza saksafoni saa mbili bila kukaa, na alipofika ndipo nilipougua. Ugonjwa wenyewe sitautafutia jina la heshima. Ni wivu.

Mgeni aliitwa Naila. Alishuka Bariadi mwezi wa nne, pamba inaanza kupasuka mashambani, akiwa na begi moja la nguo. Alikuwa amemaliza masomo ya muziki Unguja, na udi, ile ala ya nyuzi, aliojifunzia ulibaki kule kwa sababu ulikuwa mali ya chuo. Alikuja kukaa na babu yake, Mzee Maftaha, mwenye duka la vitambaa karibu na soko.

Barazani pa duka hilo ndipo ilipo cherehani yangu. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii. Imo kwenye bahasha, kabatini kwa mama, inapumzika. Cherehani haipumziki. Mtu ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho nje, ananikuta mimi na futikamba shingoni.

Ijumaa moja, miaka minne iliyopita, Mzee alirudi kutoka msikitini, akarudisha mlango nusu, na nikasikia kitu nyuma ya majora ya vitenge. Wakati huo nilikuwa mpuliza saksafoni wa bendi ya matarumbeta ya parokia. Nilijua nyimbo za harusi na nyimbo za maziko. Nilichokisikia hakikuwa cha harusi wala cha maziko. Nikaacha suruali ya mtu ina mguu mmoja, nikaingia.

"Hicho ni nini, babu?"

"Udi," akasema. "Wa baba yangu. Alikuja nao kutoka Tabora, na baba yake alikuja nao kutoka Arabuni. Kaa, mayu."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Ndivyo tunavyomwita hata msichana tukimheshimu. Mzee Maftaha amezaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake kinawaaibisha vijana wa stendi.

Nikakaa juu ya jora la kaki. Miaka minne, kila Ijumaa baada ya swala, nilikaa juu ya jora hilo. Alinifundisha makamu, zile ngazi za sauti za Kiarabu, kwa mdomo tu, bila karatasi. Rasti. Hijazi. Bayati ndiyo iliyonikamata. Ndani ya Bayati kuna sauti moja ambayo kwenye kinanda haipo. Imelala katikati ya kibao cheupe na kibao cheusi. Wiki tatu niliitafuta nikaikosa. Siku moja Mzee akakunjua kitambaa mezani, akashika mkasi.

"Mteja anataka mita mbili. Unapima, unafika kwenye alama. Kabla hujakata, mkasi unasita kidogo. Umeona? Siyo hapa, siyo pale. Hapo mkasi unaposita ndipo sauti ilipo."

Nikalegeza midomo kwenye saksafoni, nikasita. Ikatoka. Mzee akapiga meza kwa kiganja. "Haya! Wabeja, mayu, asante sana!"

Mwisho akanifundisha Mlango. Ndivyo alivyouita: yale mapigo ya mwanzo, peke yako, bila ngoma, unawafungulia watu makamu kabla wimbo haujaanza. Kila mpiga udi ana wake. Mzee aliurithi kwa baba yake na hakuwa amemfundisha mtu yeyote. "Wanangu walitaka malori," aliniambia.

Mimi ndiye niliyeutoa dukani. Nilikuwa napiga na Januarius, mwalimu wa sekondari aliyesoma jazi kwenye chuo cha sanaa. Kwetu ukisema jazi, wazee wanafikiria bendi ya dansi, magitaa na mashati ya kufanana. Jazi ya Januarius ni nyingine: mnakubaliana njia, kisha kila mtu anaipita kwa miguu yake. Tukamwongeza Ndaki, mpiga dramu wa kanisani, tukajiita Somanda Tatu, kwa jina la mtaa tunaofanyia mazoezi. Nikaweka Mlango mwanzoni, saksafoni peke yake. Halafu Ndaki anaingia. Halafu Januarius, kinanda chake kikiizunguka ile sauti ya katikati bila kuigusa, maana hakikuwa nayo.

"Hiki kinanda hakiwezi, Mile," alikuwa akiniambia. "Ni cha Wazungu. Kina nyeupe na nyeusi, basi."

Miaka mitatu aliniambia hivyo.

Basi Naila akaja. Vidole vya Mzee vilikuwa vimeanza kukakamaa, na Mlango mzima ulibaki kwangu tu. Mzee akaniomba nimtumie mjukuu wake rekodi zangu kwa simu, "ili mtoto asikie cha kwao". Nikatuma. Rekodi saba. Nikaweka na kijiuso kinachotabasamu. Mnaona? Ugonjwa huu nilijichanja mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata niliingia nikamkuta Naila amekaa kwenye kiti. Kiti, siyo jora. Udi ulikuwa mapajani mwake, na haukuwa wa kuazimwa; Mzee alikuwa amempa. Akaupiga Mlango kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ile sauti ya katikati ikamtoka kama anayemimina maji. Hakuitafuta. Mkasi wake ulikuwa umezaliwa unajua pa kukata.

"Nimekosea wapi, dada Milembe?" akaniuliza, kwa adabu kabisa. Adabu yake ndiyo iliyokuwa inanimaliza.

"Hujakosea," nikasema.

"Siku tatu!" Mzee akasema, akimtazama mjukuu wake kama anayetazama mvua. "Siku tatu tu, mayu, ameumeza wote. Damu hii!"

Damu. Na mimi miaka minne nilikuwa na nini mwilini, togwa?

Jumamosi Januarius akamwalika mazoezini. Jumamosi ya pili yake, Januarius akaja na kinanda kimeshushwa kibao kimoja. Alikuwa amesoma kitabu cha maelekezo, akagundua kuna sehemu ya kuteremsha sauti ya kibao unachotaka. Miaka mitatu kinanda kile kilikuwa cha Wazungu. Naila alipokuja, kikajua Kiarabu kwa wiki moja. Wakaanza kupiga Bayati pamoja, udi na kinanda, wakiitikiana, na Januarius anacheka kwa macho. Sikuwahi kumtaka Januarius kwa jambo lolote lingine. Lakini ile sauti niliitaka anipe mimi.

Halafu jina. Hakuna aliyesema sasa tuitwe Somanda Nne. Tangazo la kipindi chetu cha Nane Nane lilipobandikwa, nikalisoma: Somanda Tatu. Nikahesabu. Kinanda, dramu, udi. Hesabu ilikuwa kamili.

Nane Nane huwa pale Nyakabindi, kwenye viwanja vya maonyesho. Wiki moja kabla, Januarius akatupanga.

"Naila anafungua. Mlango wote kwa udi. Wewe, Mile, unaingia dakika ya tatu, taratibu, chini yake."

"Mlango ni wangu."

"Ni wa babu yake."

"Nani aliuleta hapa?"

"Wewe, na tunakushukuru. Ila saksafoni ina kelele. Itamfunika."

"Miaka mitatu sikuwa na kelele. Nimezipata lini, Januarius?"

Ndaki akaona hali imechafuka. "Jamani, mwenye kelele hapa ni mimi," akasema, akagonga dramu moja kutuchekesha. Hatukucheka.

"Dada," Naila akasema, "tunaweza kugawana. Wewe anza, mimi nimalizie…"

"Mlango haugawanywi. Ukigawanywa unakuwa mbao."

Alikuwa na nia njema, nakubali. Sikuitaka nia yake njema. Nilitaka awe amebaki Unguja.

Nikaenda kwa Mzee. Nilimkuta anapanga kanga. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Babu, nani afungue?"

Hakuinua macho. "Mayu, afungue yeye, ufungue wewe, si nyumba ni ile ile?"

Jibu zuri kwa mwenye nyumba. Mimi nilirudi barazani.

Siku yenyewe Nyakabindi palikuwa na vumbi na watu. Wakulima na mabanda yao, madume ya maonyesho yaliyofungwa kamba puani, matrekta mapya ambayo watu walikuwa wanapanda kupiga picha. Jukwaa lilikuwa upande mmoja. Upande wa pili alikuwa mjomba wangu Masunga na kikundi chake kutoka Zagayu, wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Mjomba ni manju: anatunga nyimbo, anaziongoza, na ulimi wake haujui kulala. Zilibaki dakika kumi. Nikaenda kumwamkia, saksafoni shingoni.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, mayu. Mbona sura kama umetafuna ndulele?"

"Nangoja zamu yetu."

"Zamu?" Akawageukia watu wake. "Mmesikia? Ngoma ya zamu! Kama zahanati! Namba sita, ingia na daftari lako!"

Wakacheka hadi majembe yakagongana.

Kwetu ngoma hazichezwi kwa zamu. Kuna vyama viwili vya ngoma tangu enzi za mababu, Wagika na Wagalu. Wanapanga siku moja, uwanja mmoja, wanaanza kwa pamoja, kila chama upande wake. Hakuna mtu anayekaa na kalamu kutoa alama. Watazamaji wenyewe huvuka, na jua likizama aliyejaza watu ameshinda. Kumnyang'anya mwenzako watu siyo utovu wa adabu. Ndiyo kazi iliyokuleta.

Nimeyasema haya ili mwelewe uwanja. Sitaisingizia mila. Nilichofanya nilikifanya kwa wivu. Mila ilinikuta njiani ikanipa lifti.

"Nani amekukalia?" mjomba akaniuliza.

"Hakuna."

"Mdomo unasema hakuna. Pua zako zinasema yupo."

Kipaza sauti kikatangaza Somanda Tatu. Nikawaona kwa mbali: Naila kwenye kiti, Ndaki nyuma yake, Januarius akizungusha shingo kunitafuta. Nilikuwa na dakika tatu za kuvuka uwanja. Hata kwa mwendo wa maringo ningefika.

Udi ukaanza. Sentensi ya kwanza, safi. Ya pili. Ya tatu. Kisha ikaja ya nne, na mwili wangu wote ukasimama.

Katikati ya sentensi ya nne Naila alisita. Kituo kifupi, kisha akaendelea kwa kuruka juu. Kituo kile hakikuwa cha Mzee. Mzee huipiga sentensi ile moja kwa moja. Mwenye udi hana sababu ya kukatisha. Kituo kile kilikuwa changu. Sentensi ni ndefu, pumzi zinaniishia, kwa hiyo nilizoea kukata pale, kuvuta hewa, na kuruka juu ili watu wasijue kwamba nilikuwa nazama. Kilikuwamo kwenye rekodi zote saba. Naila alikuwa amekichukua pamoja na vingine vyote, akidhani kimetoka Arabuni.

Alikuwa anapiga pumzi yangu kwa nyuzi. Na babu yake alikuwa ameiita damu.

"Mjomba," nikasema, "nipe ngoma."

"Ipi?"

"Ya kulimia. Polepole kwanza."

Hakuuliza la pili. Ngoma kubwa ikaguna, ndogo zikaijibu, majembe yakapanda. Nikaweka saksafoni mdomoni na kuufungua Mlango ule ule, Bayati ile ile, toka mwanzo. Sikuuanza taratibu. Niliupuliza kama ninayemwita mtu ng'ambo ya mto. Nilipomaliza sentensi ya nne nikaiacha njia ya Mzee, nikaingia ile ya Januarius, ya kupita kwa miguu yangu, nikiizunguka sauti ya katikati, nikiipinda, nikiiangusha juu ya jembe linaposhuka. Ngoma ya Zagayu na Bayati hazikuwahi kutambulishwa rasmi, lakini zilisalimiana kama ndugu waliokutana mnadani.

Wa kwanza kuvuka walikuwa kina mama wenye miavuli. Wakafuata waliokuwa kwenye matrekta. Mfugaji mmoja wa Bukundi aliyekuja kuonyesha dume lake akavuka na dume lenyewe, watu wakapisha. Halafu viti vya mbele vya jukwaa vikaanza kuachwa, kimoja, vitatu, mstari. Nilimwona hata Ndaki, msaliti wangu mpenzi, vijiti vyake vimeanza kufuata ngoma ya mjomba. Januarius aliinua mikono kutoka kwenye kinanda. Naila hakuacha kupiga.

Mjomba akanipigia kelele sikioni, "Umemvua nguo! Umemvua!"

Mbele ya jukwaa kilibaki kiti kimoja cheupe cha plastiki chenye mtu. Kanzu, kofia, mkongojo. Mzee Maftaha. Nikageuza mdomo wa saksafoni nikampigia yeye. Nilimpigia miaka minne yote. Nilimpigia lile jora la kaki. Hakusimama. Hakugeuka hata shingo. Nilikuwa na uwanja mzima mgongoni, na nilichokitaka kilikuwa kimekaa pale kinanipa kisogo.

Jumatatu asubuhi waliniita ndani ya duka. Januarius alikuwa ameomba ruhusa shuleni, alivyokasirika. Naila alikaa kwenye kiti chake. Mzee alisimama nyuma ya meza, mkasi mkononi, akipima kitambaa ambacho hakuna aliyekiagiza.

"Umetudhalilisha," Januarius akasema. "Mbele ya mkoa mzima."

"Mkoa mzima ulikuwa kwangu. Kwenu palikuwa na kiti kimoja."

"Unaona? Hata aibu huna! Huo si ustaarabu, Mile. Mtu anapiga, wewe unaanzisha lako."

"Kwenu ni wapi, Januarius? Si Lingeka? Baba yako alicheza ngoma za zamu?"

Naila ndiye aliyezungumza, na safari hii hakuniita dada.

"Watu sikuwajali. Watu wa maonyesho hufuata vumbi. Mimi nilikuwa namtazama babu." Sauti yake ikapinda mahali ambapo udi wake haupindi. "Alikaa mbele yangu, macho kwangu, hakuondoka. Nikasema angalau huyu ni wangu. Kisha nikaona kidole chake kwenye mkongojo. Kilikuwa kinapiga. Kilikuwa kinapiga ngoma yako, Milembe. Mwanzo mpaka mwisho."

Mzee akakitazama kidole chake kama mtu aliyeletewa kesi ya jirani.

"Babu?" Naila akasema.

"Kidole ni kidole," Mzee akasema taratibu. "Mimi nilikaa."

Ningetaka kuwaambia kwamba nilimwonea huruma Naila. Nilichosikia ni furaha, nzito na tamu, ikinishuka kooni kama uji wenye sukari nyingi. Kumbe naye anaumwa. Kumbe ugonjwa wangu unaambukiza.

"Aniombe radhi," Naila akasema. "Hapa, mbele ya babu. Nikisikia hilo, arudi kwenye kundi, arudi kwenye Ijumaa zake. Bila hivyo, babu, mimi na yeye hatukai chumba kimoja."

Mzee akaweka mkasi chini. Ameniita mara nyingi, lakini hakuwahi kuniita kwa unyonge ule. "Mayu. Neno moja tu. Liseme, kisha ukae."

Jora la kaki lilikuwa pale pale. Nililitazama. Ijumaa zangu zote zilikuwa juu yake, na bei yake ilikuwa neno moja.

Nilikuwa na neno jingine pia. Ningeweza kumwambia Naila kuhusu sentensi ya nne. Ningemuuliza, unasita pale kwa nini, udi unavuta hewa? Ningemvunja mbele ya babu yake kwa swali hilo tu. Nikalimeza. Si kwa wema. Asipojua, hatakiondoa kituo kile. Atakipiga miaka yote, atawafundisha wanawe, na wanawe watawafundisha wao, vidole vyao vikisimama pale ambapo fundi cherehani wa Bariadi aliishiwa pumzi. Watasema ni cha Arabuni. Watasema ni damu.

"Hapana, babu," nikasema.

"Hapana nini?" Januarius akadakia.

"Siombi."

Nikatoka. Cherehani iko barazani bado. Mzee hakuiondoa, na mimi sikuihamisha. Ijumaa baada ya swala mlango unarudishwa nusu, na mimi niko upande wa nje, nashona. Ndani udi unaanza. Sentensi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne Naila anasita, na mguu wangu kwenye cherehani unasita naye.

Wateja wananiuliza, si uingie tu useme samahani, yaishe? Mjomba Masunga naye alikuja juzi na ujumbe wa Mzee, wa pili sasa. Nimemjibu kama nilivyowajibu wote. Nilimwonea wivu, nikamnyang'anya watu, nikafurahi. Siombi radhi.